Nani Amemshirikisha Nani?

Kuna kivumishi kimoja cha Kiingereza ambacho hapa Mbarara ni nadra kukikosa katika pendekezo la utafiti linalohusu wakimbizi. Kivumishi hicho ni participatory, na Kiswahili chake ni shirikishi. Utafiti shirikishi, mbinu shirikishi, tathmini shirikishi, warsha shirikishi. Nimekisoma kwenye vichwa vya tasnifu maktabani, kwenye mabango ya miradi kando ya barabara ya kuingia Nakivale, na kwenye fulana za vijana waliolipwa siku tatu kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Ninachodai katika makala hii ni kwamba mara nyingi kivumishi hiki kinasema uongo. Ninadai pia kwamba sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili hatuna kisingizio cha kudanganyika nacho, kwa sababu lugha yetu iliutoboa uongo huo siku ileile ilipokitafsiri.

Tuanze na sarufi, maana ndiko kwenye ushahidi. Kitenzi ni kushiriki, yaani kuwa na fungu lako katika jambo. Neno la Kiingereza limetokana moja kwa moja na tendo hilo. Ukilisikia unaona watu wamekaa pamoja, kila mmoja na fungu lake, na huambiwi ni nani aliyewaita. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Hatukusema "utafiti shiriki". Tulikinyambua kwanza kitenzi kikawa kushirikisha, ndipo tukapata shirikishi, kama kutatanisha kulivyotupa tatanishi. Na kitenzi cha kusababisha siku zote kina watu wawili ndani yake, mtenda na mtendwa. Mama analisha, mtoto analishwa, na mtoto anayelishwa hapangi kitakachopikwa. Kwa hiyo kila unapoona maandishi "utafiti shirikishi" una haki ya kisarufi ya kuuliza: nani amemshirikisha nani, katika nini, na kwa ruhusa ya nani? Kiingereza kinaficha swali hilo. Kiswahili kimelibeba ndani ya kiambishi kimoja, -sh-.

Neno lenyewe lina ukoo mkubwa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na watoto wake ni mshirika, ushirika, shirika, hata ushirikina. (Ushirikina nauweka kando kwa heshima, ingawa wapo watafiti wanaoamini kwamba neno likitamkwa mara nyingi vya kutosha litafanya kazi lenyewe.) Katika Kiswahili cha Nakivale, shirika lina maana moja tu ambayo kila mtoto anaijua: ni wale wenye magari meupe. "Mashirika yamekuja." "Nenda uulize kwenye shirika." Mzee mmoja wa Juru, jirani yetu, aliposikia kwa mara ya kwanza maneno "utafiti shirikishi" hakushangaa hata kidogo. Alielewa kuwa ni utafiti wa mashirika. Nilicheka siku hiyo, lakini kila ninavyozidi kusoma mbinu za utafiti naona mzee alitoa fasili iliyo sahihi kuliko ya vitabu vyetu.

Kwa msomaji asiyeijua Nakivale, niseme machache. Ni makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, kusini mwa jiji la Mbarara, yamezunguka ziwa lenye jina hilohilo. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kufika Watutsi waliokimbia Rwanda, na hivyo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea. Yamegawanyika katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo. Mimi niliingia mwaka 2008, nikiwa na miaka sita, mama yangu amenishika mkono, tukitoka Rutshuru. Nimekulia Juru, na sasa nasoma shahada ya kwanza Mbarara.

Sasa fikiria mtafiti anayetafuta mahali pa kazi. Hapa kuna mataifa sita au zaidi sehemu moja. Barabara inapitika. Mbarara ina hoteli, benki na vyuo. Ukipata kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, unaondoka mjini asubuhi, unahojiana na watu kumi na watano, na jioni unaoga maji ya moto. Simlaumu mtu kwa kupenda maji ya moto. Ninasema tu kwamba ndiyo maana tunatafitiwa kuliko vijiji vya Isingiro vinavyopakana nasi, ambavyo navyo vina shida za ardhi na maji lakini havina jina linalovutia wafadhili.

Nimefanya kazi katika utafiti huo kila likizo tangu nimalize sekondari. Nimekuwa mkalimani, nimekuwa mjaza dodoso, nimekuwa "mtafiti rika", cheo kinachosikika vizuri na kinacholipwa kwa idadi ya fomu. Naijua kazi kwa ndani. Nitaeleza siku moja tu kati ya hizo, bila kutaja mradi wala chuo kilichouleta, kwa sababu miradi mingine niliyoifanyia kazi haikutofautiana nao sana.

Tulikuwa chini ya mti karibu na kanisa, akina mama kumi na wawili, wengi kutoka New Congo. Kikao kiliitwa majadiliano shirikishi. Msimamizi alitandaza karatasi kubwa yenye picha sita: kibanda cha duka, cherehani, kuku, simu, shamba, kinyozi. Kila mama alipewa maharage kumi ayagawe juu ya picha kulingana na biashara anayoona ina faida. Mbinu hii ya mbegu na karatasi ni maarufu. Ilienea dunia nzima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mwingereza Robert Chambers ndiye anayetajwa zaidi katika kuieneza. Basi mama mmoja akayashika maharage yake mkononi, hakuyaweka popote. Akasema kwa Kiswahili cha kwetu kwamba shida yake si kuchagua biashara. Mtaji hana, na anataka kujua kwa nini mwanawe aliyefaulu darasa la saba yuko nyumbani mwaka wa pili. Wengine wakadakia. Kwa muda wa dakika kumi pale chini ya mti palikuwa na mjadala wa kweli, juu ya karo, juu ya umbali wa sekondari, juu ya wasichana wanaoolewa wakisubiri. Nilitafsiri haraka niwezavyo. Msimamizi alisikiliza kwa adabu, akaangalia saa, akaniambia niandike kwenye safu ya "Mengineyo". Kisha akina mama wakaombwa warudi kwenye maharage.

Ripoti ilitoka baada ya miezi minane, kwa Kiingereza. Nilitumiwa na rafiki aliyeipata ofisini kwao. Jalada lina picha ya mikono ya akina mama juu ya maharage. Neno participatory liko kwenye kichwa, kwenye dibaji, na karibu katika kila sura. Safu ya "Mengineyo" haipo. Akina mama wale hawajaiona mpaka leo, na hata wangeiona wasingeisoma.

Nauliza tena swali la sarufi. Nani alishirikishwa katika nini? Walishirikishwa katika kupanga maharage. Swali halikuwa lao, picha hazikuwa zao, muda haukuwa wao, uchambuzi haukuwa wao, wala ripoti. Mikono tu ndiyo iliyokuwa yao, na kweli mikono imeonekana jaladani.

Watu wazima wa New Congo wana jina la ushiriki wa namna hii. Wanauita salongo. Wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya pamoja ya kufagia barabara, kulima na kuzibua mifereji, na redio iliisifu kama moyo wa umoja wa taifa. Ilikuwa ya lazima. Kila mtu alishiriki, na hakuna aliyeulizwa. Ndiyo maana mkimbizi wa miaka sitini akiambiwa "njoo ushiriki" haoni heshima katika neno hilo, anatafuta jembe liko wapi.

Mtu atanijibu kuwa utafiti si salongo, kwamba kuna fomu ya ridhaa. Ndiyo, ipo. Nimeisoma kwa sauti mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. "Unashiriki kwa hiari yako. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza chochote." Maneno ni mazuri na sheria inayataka. Lakini tuangalie yanasomwa wapi na lini. Mwaka 2023 mgawo wa chakula na fedha kwa wakimbizi nchini Uganda ulipangwa upya. Familia ziligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na kundi lililohesabiwa kuwa na nafuu likaondolewa kabisa. Mkimbizi hakuiona mizani iliyompima. Alichokiona ni kwamba watu huja na tableti, huuliza una kuku wangapi, unakula mara ngapi kwa siku, nani anakutumia pesa, na baadaye jirani mmoja anabaki kwenye orodha na mwingine anatoka. Kisha naja mimi, mtoto wa Juru, na tableti, nauliza una kuku wangapi. Nawezaje kumsadikisha kwamba tableti hii si ile? Mama mmoja wa Rubondo aliniuliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya ridhaa niliyowahi kuisoma: "Mwanangu, nikikataa, jina langu litaenda wapi?" Mtu anayeuliza hivyo hajapewa hiari. Na palipokosekana hiari hapana kushiriki, hata kama kidole gumba kimegusa wino.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kivumishi hiki hakikuzaliwa katika uongo. Kilikua karibu na sisi, tena kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dar es Salaam ilikuwa moja ya mahali ambapo jina hili la Kiingereza lilianza kutumika kwa maana ya utafiti wa namna mpya. Mfini Marja-Liisa Swantz, aliyefika Tanganyika mwaka 1952 kama mwalimu na akaishi na Wazaramo wa pwani, alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwapeleka wanafunzi vijijini wakafanye utafiti pamoja na wanakijiji. Budd Hall, kijana wa wakati huo katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jijini humo, alijifunza kwake, na mwaka 1975 akalisambaza wazo hilo duniani kupitia jarida la Convergence. Mbrazili Paulo Freire naye alipita Dar es Salaam mwaka 1971. Kuanzia 1975 hadi 1979 ukafanyika mradi wa Jipemoyo magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo, kati ya wizara ya utamaduni ya Tanzania na Akademia ya Finland. Watafiti walikaa na wakulima na wafugaji Waparakuyo, na matatizo yaliyochunguzwa yalikusudiwa kuwa yale wanakijiji waliyoyasema. Mwaka 1979 watafiti wa Afrika wakakutana Mzumbe, Morogoro, kujadili njia hiyo.

Sisemi miaka ile ilikuwa pepo. Hiyo ndiyo miaka ya vijiji vya ujamaa, ambako watu wengi walihamishwa kwa amri huku wakiambiwa wanashiriki kujenga taifa, na watafiti wenyewe wa Jipemoyo walikuwa wageni wenye pasi za kurudi kwao. Lakini angalia hata jina. Jipe moyo. Ni amri ambayo mtu anajipa mwenyewe. Hakuna mtendwa humo zaidi ya mtenda. Waliochagua jina hilo walikuwa wanasikia Kiswahili vizuri kuliko aliyechagua shirikishi.

Tangu hapo neno limesafiri. Lilikwenda Toronto, Sussex, Washington, likaingia katika miongozo ya wafadhili, likawa sharti la kupata fedha. Na neno likiwa sharti la fedha, kila mtu analo. Mwaka 2001 Bill Cooke na Uma Kothari walihariri kitabu kizima kilichouliza kama ushiriki umegeuka udhalimu mpya. Yaani wenye neno walikwishalitilia shaka zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sisi Mbarara bado tunalipaka rangi.

Wasomi wa maendeleo hupenda kutaja ngazi ya Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika mwaka 1969 kwamba ushiriki wa raia una vidato vinane, cha chini kabisa kikiwa ni kuchezewa akili na cha juu raia kushika usukani. Ngazi hiyo ni nzuri, lakini mimi nina kipimo cha karibu zaidi ambacho msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji kufafanuliwa: likelemba. Akina mama kumi wanachanga kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua fungu lote. Hakuna anayemshirikisha mwenzake. Kanuni walitunga wao. Daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Zamu inajulikana. Anayetaka kutoka anatoka baada ya kulipa anachodaiwa, na mweka hazina akila fedha atatafutwa mpaka kwa mama mkwe wake.

Mwaka juzi likelemba ya mama yangu ilifanya jambo ambalo wao hawakulipa jina. Foleni ya maji bombani ilikuwa inawamaliza, na kila walipolalamika waliambiwa wanazidisha. Basi wakakubaliana kwamba kwa wiki mbili kila mama akifika bombani atie kijiti kwenye kopo la kila nusu saa anayosubiri. Mama mmoja aliyesoma hadi darasa la sita alihesabu vijiti kila jioni na kuandika. Walipobishana kama dakika za kuzungumza na shoga zihesabiwe, walipiga kura. (Hazikuhesabiwa.) Daftari likaonyesha kwamba foleni mbaya zaidi ni asubuhi, kwa sababu bomba lilikuwa linafunguliwa saa mbili na watu wanafika alfajiri. Wakalipeleka kwa kamati ya maji. Bomba likaanza kufunguliwa saa kumi na mbili.

Swali lilikuwa lao, mbinu yao, vijiti vyao, hesabu yao, na matokeo waliyabeba kwa miguu yao hadi kwa aliyekuwa na ufunguo. Hakukuwa na kivumishi hata kimoja. Tukisema utafiti wa aina ile ni shirikishi, tutalazimika kumtaja aliyewashirikisha, na hatutampata.

Najua pingamizi ambazo wenzangu darasani wamekwisha kunipa. Ya kwanza, kwamba mwanafunzi ana miezi mitatu na fedha kidogo. Hawezi kukaa Juru akisubiri watu watunge swali. Nakubaliana kabisa. Basi afanye mahojiano, ayaite mahojiano. Mahojiano ni kazi ya heshima. Dodoso ni kazi ya heshima. Sensa haimshirikishi mtu kutunga maswali na hakuna anayeilaumu. Daktari anayepima dawa ya malaria hahitaji kumwambia mgonjwa kwamba wameitunga pamoja. Sina ugomvi na utafiti usio shirikishi. Ugomvi wangu ni na utafiti usio shirikishi unaovaa nguo ya mwenzake.

Ya pili, kwamba siku hizi wakimbizi wenyewe wanafundishwa kukusanya takwimu. Ni kweli, na ni hatua. Watafiti wa Oxford waliotoa ripoti ya Refugee Economies mwaka 2014, iliyohusu Nakivale, Kyangwali na Kampala, waliwafunza wakimbizi wakafanya kazi hiyo, na ripoti ile ilisaidia kuondoa picha ya mkimbizi anayekaa tu akisubiri mgawo. Lakini kukusanya takwimu ni ajira. Ajira ina mkataba, malipo, na saa za kupumzika. Mimi nikibeba dodoso la mtu mwingine kwenye jua la saa saba, nataka niitwe mfanyakazi na nilipwe kama mfanyakazi. Ukiniita "mshiriki" au "mtafiti rika" halafu ukanilipa kwa fomu, umetumia kivumishi kupunguza mshahara.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni kwamba neno halina madhara, ni desturi tu, liandike usonge mbele. Ndivyo nilivyoambiwa na mtu anayesimamia pendekezo langu. Nataka kuchunguza kwa nini wasichana wa Juru wanaacha shule baada ya darasa la saba, lilelile swali lililozikwa kwenye "Mengineyo". Nimepanga kuhoji wasichana thelathini na wazazi wao. Nimeandika wazi: utafiti wa mahojiano. Pendekezo lilirudi likiwa na wino mwekundu, niongeze participatory kwenye kichwa, kwa sababu kamati hulipenda na kwa sababu linahusu wakimbizi. Sikuongeza. Nilieleza kwa maandishi, kwa heshima zote, kwamba swali nimelichagua mimi, uchambuzi nitaufanya mimi, shahada nitaichukua mimi, na wasichana wale watanipa saa moja ya maisha yao kila mmoja. Wakati naandika haya pendekezo bado halijapitishwa, na muhula unakwenda.

Madhara yapo. Neno likishaandikwa, linafunga mlango. Mtu wa Nakivale akisimama kesho kusema mradi huu haukutuuliza, atajibiwa: lakini ulikuwa shirikishi, tazama picha, tazama sahihi. Ushahidi wa kuwapo kwake unageuzwa kuwa ushahidi wa kukubali kwake. Mahojiano ya kawaida hayawezi kumfanyia hivyo, kwa kuwa hayajadai kamwe kwamba yalisema kwa niaba yake. Kivumishi hiki kinamnyang'anya mtu haki ya kulalamika, na hilo si dogo kwa mtu ambaye hana kura hapa wala hawezi kurudi kule.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanafunzi wenzangu wanaoandika mapendekezo muhula huu, na kwa wanaoyasahihisha. Kabla ya kuandika shirikishi, jibu kwa sentensi kamili zenye mtenda na mtendwa. Nani alitunga swali? Nani angeweza kukataa bila kuhofia mgawo wake? Takwimu zitakaa kwa nani baada ya wewe kuhitimu? Nani amelipwa, na aliyechukua daftari la mwisho ni nani? Ikiwa jibu la kila swali ni "mtafiti", futa neno hilo na uandike kile ulichokifanya. Hakuna atakayekudharau.

Na kuna jambo moja ambalo hata utafiti wa mahojiano hauwezi kulikwepa, nalo ni lugha ya kurudishia. Ripoti zetu zote zinaishia kwa Kiingereza. Uganda ilikitambua Kiswahili katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Nakivale haikusubiri uamuzi huo. Sokoni Base Camp Msomali, Mrundi na Mkongo wanapatana bei kwa Kiswahili kila siku, kila mmoja na lafudhi yake. Mtafiti aliyepata mkalimani wa kumuulizia maswali kwa Kiswahili hawezi kuniambia kwamba hakupata mkalimani wa kupeleka majibu.

Nimejiwekea mpango wangu, upite wino mwekundu usipite. Kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, nakala hamsini, zisomwe kwa sauti mbele ya wasichana na wazazi walionipa muda wao, kisha zibandikwe shuleni, kanisani, msikitini na bombani. Nimepiga hesabu ya fotokopi, taksi ya kwenda na kurudi Isingiro, na boda ya kuingia Juru. Yote pamoja ni karibu sawa na gharama ya kujalidi nakala tatu za tasnifu kwa herufi za dhahabu. Chuo kinadai nakala tatu. Nimekwisha kuuliza kama nakala zangu zinaweza kujalidiwa kwa karatasi ngumu tu, bila dhahabu, na bado nasubiri jibu la hilo pia.